Maneno Matano Niliyoyakata

Mwanangu Faida,

Umetoka na shangazi yako kwenda kuaga watu wa Nyawera, na kwa jinsi watu wa Nyawera wanavyopenda kuongea, najua hamtarudi kabla chakula hakijapoa. Baba yako yuko chumbani, anafunga sanduku lako kwa kamba kwa mara ya tatu. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nakuandikia kwa mkono, kwa Kiswahili, na unajua mwandiko wangu ulivyo mbaya. Ningeweza kutumia mashine ya ofisini na Kifaransa kizuri, lakini kwa mashine ile nimezoea kuandika maneno ya watu wengine.

Mambo ya chandarua, ya kwinini, ya wanaume wenye magari, shangazi amekwisha kukwambia mpaka ukaanza kusinzia. Siyarudii. Nina jambo moja tu la kukwambia, tena ni baya, na lazima ulijue kesho asubuhi kabla hujapanda bateau, meli ya Goma. Nitakuwekea barua hii karibu na kikombe chako cha chai, halafu nitatoka nje mpaka umalize.

Nianze na dogo, ili nipate nguvu ya kufika kwenye kubwa. Juzi ulipokuwa kanisani nilivaa blouse yako nyeupe ya labo, koti la maabara, ile uliyoshonewa kwa ajili ya chuo kikuu. Nilifunga vifungo vyote. Ilinibana mabegani. Nikasimama mbele ya kioo cha baba yako cha kunyolea ndevu, nikageuka upande huu, nikageuka upande ule. Halafu nikaivua, nikaipiga pasi upya, na uliporudi nikakwambia mshonaji ameiharibu kwenye kola. Hakuiharibu. Ilikuwa nzuri sana, na ilikuwa yako.

Ni wivu, Faida. Acha niliandike neno lenyewe. Mama anamwonea wivu binti yake wa kumzaa. Hata kwenye maungamo sikulisema sawasawa. Nilimwambia padri kwamba nina hasira za nyumbani, akanipa Salamu Maria kumi, nikazisema njiani na nilipofika nyumbani wivu wangu ulikuwa umekaa pale pale unaningoja.

Unajua kazi yangu, lakini nadhani hujui ilivyonifanya. Kila mwaka maprofesa wa shule wanaandika maswali ya concours, mashindano ya sayansi, kwa mkono, wananiletea, mimi ninayapiga kwa mashine kwenye stensili, tunayatolea nakala kwa roneo mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Fizikia, kemia, wanyama, mimea, nyota, miamba. Maswali upande huu, majibu upande ule. Niliondoka shuleni mwaka wa tatu wa sekondari, lakini sayansi yote waliyofundishwa watoto wa mji huu imepita kwenye vidole vyangu. Mwanga wa jua unatumia dakika nane na kitu kufika kwetu. Pweza ana mioyo mitatu. Zebaki ni metali lakini inamwagika kama maji. Buibui si mdudu wa kundi la nzi na mende, hesabu miguu yake. Sauti inakimbia majini zaidi ya mara nne kuliko hewani. Chini ya ziwa letu hili kuna gesi inayoweza kuwaka, imelala huko chini imebanwa na uzito wa maji. Yote hayo niliyajua kabla yako.

Na nilikufundisha mimi. Kumbuka jikoni, ukiwa na miaka saba, minane, tukichambua maharage. Nilikuwa nakuuliza bila kuinua macho.

"Mifupa ya mutu mukubwa?"

"Deux cent six, mia mbili na sita!"

"Popo ni ndege?"

"Hapana! Iko mammifère, inanyonyesha!"

Ukikosa unachambua kikombe kingine. Ukipata unachambua kikombe kingine vilevile, ulikuwa hujagundua. Majirani walikuwa wanapita wanasimama dirishani kutusikiliza, na mimi najifanya siwaoni. Sijawahi kuwa na furaha nyingine ya namna ile. Ulikuwa unajua kile ninachojua mimi, hakuna zaidi.

Halafu siku moja ukauliza, "Maman, juu ya nini mutoto muchanga iko na mifupa mingi kupita mutu mukubwa? Ingine inaenda wapi?"

Jibu hilo halikuwa kwenye karatasi zangu. Karatasi zangu zilikuwa na namba. Nikakwambia, "Ni Mungu alipenda vile. Chambua maharagi." Ulinitazama, Faida, ukachambua maharage, lakini ule mtazamo niliuona. Miaka ilipita, ukaingia sekondari, ukampata Prof Bisimwa, na wiki ya kwanza tu ukarudi mbio kutoka shuleni na daftari mkononi. "Maman! Ile mifupa haiende popote! Inashikana, mbili inakuwa moja! Prof amesema!"

Prof amesema. Tangu siku hiyo niliisikia asubuhi na jioni. Prof amesema makaa ya jikoni na almasi ni kitu kimoja, ila chembe zake zimepangwa tofauti. Prof amesema dhahabu ya Kamituga haishiki kutu kwa sababu haitaki urafiki na hewa. Nilikuwa nimeyapiga mashine majibu hayo yote, lakini bila kile kipande cha "kwa sababu". Yeye alikuwa na vipande vyote vya "kwa sababu", na alikuwa anakugawia wewe bure.

Nikuambie na habari ya chura. Ulirudi siku moja mikono inanuka dawa ya labo, unasema mmemfungua chura, umeuona moyo wake, una vyumba vitatu, ulikuwa bado unapiga. Nilikutoa nje ukanawe mikono mara tatu, nikasema unaleta uchafu kwenye sahani zangu. Haukuwa uchafu. Nilipokuwa shuleni kwa masista, mwaka wa tatu, sista alituambia kesho tutafungua chura. Jioni hiyo hiyo baba yangu akafika kutoka Luhwindja na matope ya machimbo kwenye suruali. Mama ameugua, akasema, hakuna wa kuwapikia wachimbaji, funga vitu vyako. Nilifunga. Wenzangu walimwona chura, mimi niliona sufuria. Nimelipiga mashine swali lile mara ngapi, moyo wa chura una vyumba vingapi, jibu vitatu, na kila mara nilikuwa nasikia hasira kwenye vidole. Sasa wewe unaingia mlangoni kwangu, umeuona, na unacheka.

Wivu wangu nilikuwa nauita nidhamu. Nilikuwa nakwambia usijivune, usiongee sana, wanaume hawapendi. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama ya machozi yako ni hicho: wivu haujitangazi kwa jina lake. Unakuja umevaa kitambaa kizuri cha adabu, na mama wa mtu unaukaribisha ndani, unaupa kiti.

Sasa nifike.

Mwaka juzi, wiki chache kabla ya concours, uliazima kipimajoto cha labo ukakiingiza kwenye sufuria yangu. Maji ya bugali yalikuwa yanatokota. Nilikupigia kelele utoe zebaki yako kwenye chakula cha watu, lakini nilichungulia. Kilisimama quatre-vingt-quinze, tisini na tano. Maji yanaruka, mvuke unatoka, na kijiti cha zebaki hakipandi tena. Nikakwambia kipimajoto kimeharibika, kila mtu anajua maji yanachemka kwa mia moja. Ulikirudisha kwa Prof, na jioni ulikuja ukatueleza mezani, baba yako kijiko kimesimama hewani: Bukavu iko juu, hewa yetu ni nyepesi, haiyabani maji, ndiyo maana yanachemka mapema na ndiyo maana maharage ya hapa yanakula makaa yote. Kule pwani ndiko mia moja. Baba yako akasema, "Kumbe! Miaka yote nilifikiri ni mama ndiye hajui kupika." Mlicheka ninyi wawili. Mimi nilitoa sahani.

Siku mbili baadaye Prof Bisimwa aliniletea maswali yake. Mwaka ule stensili zilikuwa hazionekani mjini, préfet, mkuu wa shule, alitoa moja tu kwa maswali arobaini yote. Nilifanya kama nilivyofanya kila tulipokosa stensili: nikabana mistari, na mstari ukizidi ukingo nakata maneno ya mwishoni yasiyo na kazi. Swali la thelathini na nane lilizidi. Prof alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wake wa kulala: maji yanachemka kwa digrii ngapi, *au niveau de la mer*. Kwenye usawa wa bahari. Nikatazama maneno yale matano. Nikajisemea, nani Bukavu ameiona bahari? Nikayakata.

Nakuapia kwamba saa ile sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka na stensili ilikuwa inaisha. Sikukumbuka sufuria wala kipimajoto. Ubaya ulikuja Jumamosi ya concours.

Umeikumbuka salle ya parokia, ukumbi ule, mara nyingi kuliko mimi, lakini nikukumbushe kutoka upande wangu. Watu wametoka kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, na majembe yao wakayaweka ukutani. Citoyen Commissaire, mkubwa wa serikali, yuko kwenye kiti cha mbele. Mimi niko meza ya jury, ya waamuzi, ukingoni, nimeshika karatasi ya majibu. Maprofesa walioandika maswali wako nyuma yangu kwenye benchi. Mmebaki wawili jukwaani, wewe na yule kijana wa shule ya wavulana, na kwenye kiti kuna zawadi ya mshindi, kile kitabu kikubwa cha sayansi chenye picha za rangi, ulichokuwa unakwenda kukitazama kila siku kwenye ofisi ya préfet. Préfet akasoma la thelathini na nane.

Ukauliza, "Hapa Bukavu, ao pahali ingine?"

Salle ikacheka. Préfet akasema, "Jibu tu, mutoto. Maji ni maji."

"Quatre-vingt-quinze."

Wakacheka zaidi. Yule kijana akasema mia moja, kwa sauti ndogo, hata yeye alikuwa kama haamini. Préfet akanigeukia. "Maman secrétaire, karatasi inasema nini?"

Nilijua, Faida. Wakati ule nilikumbuka kila kitu, sufuria, zebaki, maneno matano. Ilikuwa inatosha niseme, "Préfet, ni miye nilikosea mu mashini." Sentensi moja. Nikakutazama umesimama pale na shingo yako ndefu, huna hata wasiwasi, unangoja mama yako aseme uko sawa. Nikaona jinsi unavyojiamini. Nikasema, "Iko cent, mia moja."

Nyuma yangu benchi lililia. Prof Bisimwa alikuwa amesimama. Nikageuka, akanitazama usoni, na nadhani aliona kila kilichokuwemo. Mdomo wake ulikuwa wazi. Halafu akaketi.

Wewe uliona hilo tu, kwamba alisimama akaketi. Njiani hukulia. Ulifika nyumbani ukaniambia, "Prof alijua. Ni yeye mwenyewe alinifundisha. Aliogopa commissaire, aliikala chini." Na mimi, ambaye nilikuwa na ukweli mdomoni, nilisema nini? Nilisema, "Wanaume ni vile, mwanangu." Nikakukorogea uji.

Tangu hapo hujamsalimia. Mwaka mzima na nusu umekaa darasani kwake hujanyoosha mkono. Ukimwona Nyawera unavuka barabara. Ulipata diplôme yako, alama nzuri zote, wenzako wakaenda kumshukuru, wewe ukakataa. Na jioni ulikuwa unarudi jikoni kwangu, unachukua ungo, unakaa. Ulikuwa umeacha kusema Prof amesema. Nataka niliandike hili wazi kwa sababu ndilo baya kuliko yote, baya kuliko kile kitabu: nilifurahi. Mwaka mzima na nusu nilifurahi. Nilikuwa nakutazama unachambua maharage kimya, na nasema moyoni, amerudi kwangu.

Kule chuoni Kisangani utakutana na watoto waliosoma shule kubwa za Kinshasa, watajua vitu ambavyo hujui, na utasikia kitu kinakukaba hapa kifuani. Ni urithi, umeutoa kwangu, nisamehe. Siwezi kukufundisha jinsi ya kukiondoa, mimi sijakiondoa. Naweza kukwambia nilichokosa kufanya. Ulipouliza mifupa inakwenda wapi, ningeweza kusema, "Sijui, nenda uulize kisha uje unifundishe na mimi." Ungekuja, nakujua, ungekuja mbio. Tungekuwa tumesoma pamoja miaka yote hiyo. Niliona aibu kuwa mwanafunzi wa mtoto wangu, nikapoteza shule ya pili kama nilivyopoteza ya kwanza, na safari hii hakuna baba aliyekuja kunitoa.

Jana nimesikia ofisini kwamba Prof Bisimwa amehamishwa Shabunda. Anaondoka wiki ijayo. Unajua barabara ya Shabunda, mtu akienda huko hamwoni mtu tena. Ndipo nikaona nimebaki na siku moja. Leo mchana nilipowaambia nakwenda kwa mama wa chama cha kanisa, nilikwenda kwake.

Alikuwa anafunga vitabu kwenye katoni. Sikukaa. Nikasema, "Prof, ile concours, ile maneno ya bahari, ni miye niliikata."

"Najua, maman. Brouillon yangu, ile niliandika na mukono, iko mu tiroir ya meza tangu ile siku."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

Akafuta vumbi kwenye kitabu kwanza. "Ningesema mbele ya commissaire, wangekufukuza kazi siku ya lundi asubui. Na Faida angekuwa pale, anaona mama yake anafukuzwa juu yake. Nikafikiri, kitabu atapata kingine."

"Lakini alikuchukia wewe."

"Ndiyo. Hiyo iliniuma mubaya." Akacheka kidogo. "Ule mutoto alikuwa ananiuliza maswali mpaka mimi ninarudi kusoma usiku. Sasa hakuna anayeniuliza."

Unajua nilisikia nini, Faida? Ungedhani nilisikia aibu. Aibu ilikuja baadaye, kwenye mteremko. Kwanza nilisikia wivu. Mtu huyu si ndugu yako, hakukuzaa, na alikubali umchukie ili usione mama yako anaaibishwa. Mimi niliyekuzaa sikuweza kukubali hata salle icheke kosa langu la mashine. Hata kwa kukupenda alikuwa amenipita. Nilisimama mlangoni kwake nikitaka kumtukana, na sikupata tusi.

Nikamwambia bateau inatoka saa mbili na nusu, aje bandarini. Alikataa. "Hapendi kuniona, maman. Usimuharibie safari." Nikamwambia asubuhi utakuwa umesoma barua yangu, utajua. Akaniuliza barua ina nini. Nikasema, "Yote." Akafunga katoni, akasema atakuja, lakini atasimama mbali, karibu na wabeba mizigo, na kama hutaki kumwona hutalazimika.

Hilo ndilo jambo langu. Mezani usiniambie chochote. Baba yako hajui, nitamwambia mwenyewe ukishaondoka, na usinisamehe haraka haraka kwa sababu ya safari. Kama unataka kunikasirikia mpaka Kisangani, una haki, kuna siku za kutosha njiani.

Lakini bandarini nisikilize. Unajua kunavyokuwa: shangazi, baba, majirani, watu wa kwaya, wote watajipanga kukukumbatia pale kwenye daraja la bateau, na mimi unanijua, nitasukuma watu niwe wa kwanza. Nipite. Nenda kule kwa wabeba mizigo, msalimie kwa mikono miwili, kaa naye, muulize yote uliyokuwa hujamuuliza mwaka mzima na nusu. Bateau ikipiga honi kabla hujafika kwangu, panda. Itaniuma sana, Faida. Acha iniume.

Mama yako